UZI: Milango ya bawaba za nyuma kwenye sedani za kifahari. Kwa nini imerudi, na inasumbua wapi

Milimita (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila picha ya Rolls-Royce Phantom au Ferrari Purosangue ikiwekwa humu, ubishi ni ule ule: huyu anasema ni milango ya kujiua, yule anasema ni mbwembwe za wenye hela. Mbwembwe zipo, sikatai. Ila chanzo cha mlango huu ni miguu ya abiria.

Chukua sedani ya kawaida, fungua mlango wa nyuma, uangalie nafasi kutoka juu. Mlango na bodi vinafanya umbo la herufi V, na ncha ya V iko kwenye bawaba, yaani kwenye nguzo ya kati, ile iliyo baina ya mlango wa mbele na wa nyuma. Abiria ameketi huko nyuma karibu na upinde wa tairi, miguu ikitazama mbele. Akitaka kutoka, miguu lazima ipite pale penye ncha, pafinyu kuliko pote. Kiatu kinakwaruza paneli ya mlango, mtu anajikunja, anatoka mgongo umepinda. Hamishia bawaba nyuma, V inageuka: upana wote unakuja pale miguu ilipo. Unageuka, unaweka nyayo zote mbili chini, unasimama. Kuingia unakaa kwanza, kisha unavuta miguu ndani.

Lincoln walikumbana na jambo hilo walipounda Continental ya 1961. Gari lilifupishwa sana kulinganisha na lile la mwaka uliotangulia, umbali kati ya ekseli ukabaki inchi 123, karibu mita 3.12, na mlango wa kawaida ukawa unagongwa na miguu ya anayetoka. Wakageuza bawaba. Mwaka 1964 waliongeza inchi 3 kwenye umbali huo lakini milango wakaiacha ilivyo, hadi 1969. Ford Thunderbird ya milango minne ikafuata mtindo huo 1967 hadi 1971. Kisha kimya kirefu kwenye sedani, mpaka Phantom ya 2003 kutoka kiwanda cha Rolls-Royce cha Goodwood, Uingereza, baadaye Ghost yao, halafu Lincoln wenyewe wakarudi na Continental 80 tu za mwaka wa modeli 2019, zilizorefushwa inchi 6 ili mlango upate kufunguka nyuzi 90.

Swali langu: kama faida iko wazi hivyo, mlango ulipotea kwa nini miaka zaidi ya 30? Na mnaozishika gari hizi, mtuambie zinasumbua wapi.

---

Upepo wa Mbele

Mkuu, jina la kujiua lilitokana na vitu viwili vilivyokutana: loki dhaifu na gari lisilo na mikanda.

Mlango wa kawaida loki ikiachia njiani, upepo unaukandamiza urudi kwenye bodi. Wa bawaba za nyuma, ukingo unaoachia ndio unaotazama upepo. Ukipata upenyo wa sentimita chache, hewa inaingia nyuma yake na kuubamiza wazi. Kanieneo ya upepo inapanda kwa mraba wa spidi: kwa kilomita 60 kwa saa ni kama nyutoni 170 kwa mita ya mraba, kwa 100 ni 470, kwa 120 ni 680. Mlango wenye eneo la mita moja ya mraba ukisimama dhidi ya upepo kwa spidi 100, unasukumwa kama vile umetundikiwa kilo 48. Abiria wa enzi hizo alifanya ambacho mtu yeyote angefanya: akadaka kishikio auvute urudi. Hana mkanda. Mlango unakwenda, naye unamchukua.

Na loki nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1950 zilizuia mlango usitoke kwa upande tu. Bodi ikijinyoosha kwa urefu wakati wa ajali, ulimi wa loki unateleza kutoka kwenye straika (kile chuma cha kwenye nguzo ambacho loki inakidaka) na mlango unaachia wenyewe. Hilo liliisumbua milango ya kila aina. Kwa hii ya kinyume madhara yalikuwa makubwa zaidi.

---

Swali Fupi

Kwa hiyo leo mtoto akivuta kishikio cha ndani gari likiwa spidi 100, hakuna kinachotokea?

---

Upepo wa Mbele

Hakuna. Na hapo hutegemei hisani ya mtengenezaji, ni sharti la kanuni. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 11 na ile ya Marekani namba 206 zinasema jambo moja: mlango wa pembeni wenye bawaba za nyuma unaoweza kufunguliwa bila kutegemea mlango mwingine, kishikio chake cha ndani kisifanye kazi gari likifika kilomita 4 kwa saa au zaidi. Pia lazima kuwe na onyo ambalo dereva analiona waziwazi kwamba loki haijashika vizuri. Continental ya 1961 tayari ilikuwa na taa ya mlango wazi kwenye dashibodi, kwa sababu hiyo hiyo.

Loki yenyewe inapimwa ikiwa imeshika kabisa: ivumilie nyutoni 11,000 upande mmoja wa jaribio na 9,000 upande mwingine. Ikiwa nusu, ile hatua ya kwanza ya "tak", ivumilie 4,500. Bawaba nazo 11,000 na 9,000. Juu ya hapo, mlango usifunguke kwa mtikisiko wa mara 30 ya nguvu ya uvutano. Linganisha na kilo 48 za upepo, ambazo hazifiki hata nyutoni 500. Kwa hiyo ukiniuliza kilichoirudisha, nitakujibu loki. Ngozi na mbao vimefuata baadaye.

---

Behewa

Rolls-Royce jina la kujiua hawataki hata kulisikia. Wanaiita milango ya kocha, yaani lile gari la kukokotwa na farasi. Kocha wa mpira hahusiki.

---

Nguzo C

Naongezea kwa nini huioni kwenye sedani za bei ya kawaida, maana watu hudhani ni suala la kuhamisha bawaba mbili tu.

Tazama mlango wa nyuma wa sedani ya kawaida kwa pembeni. Chini kule nyuma umeliwa na upinde wa tairi. Bawaba mbili lazima zikae kwenye mstari mmoja ulionyooka, la sivyo mlango hauzunguki. Ukitaka kuzifunga nyuma, ya chini inabidi ipande juu ya upinde wa tairi, na nafasi kati ya bawaba inakuwa fupi. Hapo ndipo pa kupiga hesabu.

Mlango wa kilo 45, uzito wake ukiwa katikati, sentimita 55 kutoka kwenye bawaba. Bawaba zikiachana sentimita 40, ya juu inavutwa na ya chini inasukumwa kwa nyutoni 607 kila moja. Zikiachana 30, ni 809. Sasa mtu wa kilo 75 aegemee ncha ya mlango uliofunguliwa, mita moja kutoka kwenye bawaba: kwa nafasi ya 40 anaongeza nyutoni 1,840 hivi, kwa nafasi ya 30 anaongeza 2,450. Na bati la nguzo ya nyuma kwenye sedani ya kawaida halikuundwa kubeba hivyo, ni la kushikilia paa, kioo na mkanda.

Dawa ni kusogeza tairi nyuma ili ukingo wa mlango ushuke wima, yaani urefushe gari. Phantom ya 2003 ina mita 3.57 kati ya ekseli, unaweza kuchora mlango unavyotaka. Continental ya 2019 haikuwa na nafasi hiyo, ndiyo maana ilibidi ikatwe katikati. Kisha unaongeza chuma ndani ya nguzo ya nyuma, na chuma ni uzito na hela.

Ferrari wamepita njia nyingine kwenye Purosangue: wameweka mlango mfupi unaofunguka kwa mota hadi nyuzi 79, kwa hiyo hawakulazimika kurefusha gari ili mtu mzima aingie nyuma.

---

Mtata

Umeme, mota, chuma cha ziada, kanuni. Yote hayo ili mtu asipinde mgongo? Bado naona ni mbwembwe.

---

Milimita

Kwa anayeshuka mara mbili kwa siku, ni mbwembwe. Kwa mzee mwenye nyonga mbovu si mbwembwe hata kidogo. Teksi mpya ya London, LEVC TX, ina milango ya nyuma ya namna hii inayofunguka nyuzi 90, na hakuna atakayesema teksi inatafuta sifa. Opel Meriva ya 2010 nayo ilikuwa gari la familia.

---

Fundi Raba

Nije kwenye kazi yenyewe, maana swali la mleta uzi la pili halijaguswa.

Ugomvi wa kwanza ni mwanya wa nguzo ya kati. Kwenye gari la kawaida, mlango wa nyuma umefungwa bawaba pale pale kwenye nguzo ya kati, kwa hiyo ukingo wake wa mbele haulegei. Ncha inayoning'inia ni ya mlango wa mbele tu. Kwenye hizi, pale katikati zinakutana ncha mbili zinazoning'inia. Wa mbele ukishuka milimita moja na wa nyuma ukipanda milimita moja, jicho linaona mbili, tena mahali ambapo vishikio viwili vimepangwa jirani na kila mtu anatazama hapo. Ukikuta mistari ya vishikio haiko sawa, usianze kulaumu rangi.

Mpangilio wa kurekebisha, na ukiuruka utarudia kazi:

Gari likae kwa tairi zake, sakafu bapa, upepo wa tairi sawa, kama lina sasipensheni ya hewa iwe imetulia kwenye kimo cha kawaida. Usirekebishe mlango gari likiwa kwenye jeki. Bodi ndefu inajipinda, ukishusha kila kitu kinahama.

Toa straika zote mbili za upande huo kwenye nguzo ya kati. Hili ndilo wengi wanaliruka. Straika ikiwepo, inaubeba mlango na kukudanganya kwamba umekaa sawa.

Anza na mlango wa NYUMA. Wa mbele unakuja baadaye. Upange kwa bodi ya nyuma na kizingiti, kwa sababu hivyo viwili havisogei. Mwanya wa milimita 4 hivi, tofauti ya juu na chini isizidi nusu milimita, au fuata kipimo cha kitabu cha gari husika. Legeza boliti za bawaba upande wa bodi kwa kusogeza juu, chini, mbele au nyuma. Upande wa mlango ni kwa kuingiza na kutoa nje. Legeza bawaba moja kwa wakati, ukilegeza zote mbili utaishia kuukumbatia mlango.

Kisha mlango wa mbele, ukiufuatisha wa nyuma. Mwisho madigadi ya mbele.

Rudisha straika kwa mkono, boliti zishike nusu, funga mlango taratibu ili loki yenyewe iivute straika mahali pake, fungua kwa uangalifu, kaza. Ukifunga na ukaona mlango unapanda au kushuka sekunde ya mwisho, straika haiko kwenye kimo sahihi. Usiiache hivyo hata kama unafunga. Loki italiwa upande mmoja.

Usawa wa uso: ncha ya mlango wa mbele iwe sawa na ya nyuma au itokeze nusu milimita. Ya nyuma ikitokeza mbele ya nyingine inakuwa kama kijiko, inachota upepo.

---

Swali Fupi

Mluzi unaoanza kwenye 90 hivi na kupotea ukibonyeza mlango kwa ndani kwa kiganja, ni hicho kijiko?

---

Fundi Raba

Ukipotea kwa kubonyeza, ni raba haibanwi vya kutosha. Gari likienda, hewa inayopita pembeni inavuta milango kwa nje. Mlango wa kawaida ukingo wake wa mbele umeshikwa na bawaba mbili, kwa hiyo unavutika nyuma tu, upande usiochota upepo. Huu wa kinyume ukingo wa mbele umeshikwa na loki moja, katikati. Pembe ya juu, kwenye fremu ya kioo, ndiyo inayotoka kwanza.

Kata vipande vya karatasi, upana wa vidole viwili. Funga mlango juu ya kimoja kila sentimita 10 kuzunguka fremu, vuta. Kinapotoka bila kukataa ndipo penye tatizo. Kama ni juu tu, ni fremu. Kama ni ukingo mzima wa mbele, ingiza straika ndani kwa nusu milimita nusu milimita, upime tena. Usikimbilie raba mpya. Na ukiingiza straika kupita kiasi utahamishia tatizo kwa mota ya kuvuta.

---

Waya Mwekundu

Hapo kwenye mota ndipo mahali pangu.

Loki inayojivuta inafanya kazi hivi: unausukuma mlango hadi hatua ya kwanza, swichi ndogo ndani ya loki inasema "nusu imeshika", mota inavuta milimita chache zilizobaki, swichi ya pili inasema "imeshika kabisa", mota inasimama. Hitilafu nyingi ziko kwenye hizo swichi mbili na upinzani wa raba. Mota yenyewe ni nadra.

Mota inalia, inakata, taa ya mlango haizimi: inakutana na upinzani, straika imeingia mno au raba mpya ni ngumu. Mota hailii kabisa na mlango umeshika nusu: swichi ya kwanza haisomi, au umeme haufiki. Inavuta, inaachia, inavuta tena: swichi ya pili. Soma swichi kwa kompyuta ya kupimia huku ukiisogeza loki kwa bisibisi, mlango ukiwa WAZI. Dakika mbili unajua. Kumbuka kuirudisha loki wazi kabla ya kufunga mlango, la sivyo utabamiza ulimi kwenye straika na hapo umenunua loki.

Usibamize mlango wa namna hii "ili ushike". Unaipita ile hatua ambayo mota ilipaswa kuifanya, na straika inakula kishindo chote.

Kitu cha pili ni nyaya. Kwenye gari la kawaida zinaingia mlangoni kupitia nguzo ya kati. Hapa zinapita nguzo ya nyuma, ndani ya kikonyo cha mpira karibu na bawaba, na mlango unafunguka hadi nyuzi 80 au 90, kwa hiyo mkunjo ni mkali kuliko kawaida. Dalili: kioo kinafanya kazi mlango ukiwa umefungwa, ukiufungua nusu kinakufa. Toa kikonyo pande zote mbili, weka mita kwenye waya unaoshuku, zungusha mlango polepole, angalia namba inaruka kwenye pembe ipi. Usiunge kwa risasi ya kuchomelea nyaya ndani ya mkunjo. Risasi inaugandisha waya, unakatika pembeni yake tena. Weka kipande kipya kirefu, viungo vya kubana viwe nje ya kikonyo, kimoja ndani ya mlango na kingine ndani ya nguzo.

Kabla ya kufungua urembo wa nguzo hiyo, zima gari, ondoa betri, usubiri muda ulioandikwa kwenye kitabu. Kwenye gari nyingi eabegi ya pazia inapita hapo juu.

---

Mtata

Na kile kitufe cha kufungia mlango kwenye Phantom? Hicho nacho mtasema ni nyonga?

---

Nguzo C

Ni urefu wa mkono. Mlango ukiwa wazi nyuzi 90, ncha yake iko mita moja nje, na aliyekaa yuko karibu na bawaba. Akivuta pale anapofikia, sentimita 20 kutoka kwenye bawaba, nguvu inayohitajika ni mara tano ya kuvuta kwenye ncha. Kwenye mteremko ni mbaya zaidi: gari likitazama juu ya mlima wa asilimia 10, ule mlango wa kilo 45 unavutwa nyuma kwa nyutonimita 24. Kwa kishikio cha sentimita 20 hiyo ni nyutoni 120, yaani kilo 12 za kuvuta umekaa, umejigeuza. Ndiyo maana Phantom wameweka kitufe kwenye nguzo ya nyuma, pembeni ya kichwa cha abiria.

Gari likitazama chini, mlango unataka kujifunga wenyewe kwenye mapaja ya anayetoka. Stopa ya mlango ikichoka, hilo ndilo la kuogopa kuliko spidi 100. Ijaribu: simamisha gari kwenye mteremko likitazama chini, acha mlango kwenye kila kituo chake, kila kimoja kiushike bila kuteleza.

---

Behewa

Msichanganye hizi na zile zisizo na nguzo ya kati. Mazda RX-8, BMW i3, Mazda MX-30: mlango wa nyuma haufunguki mpaka wa mbele ufunguke, na kufunga unaanza wa nyuma. Ukikosea mpangilio, kingo zinagongana na rangi inaondoka pale pale. Loki zao ziko juu kwenye paa na chini kwenye kizingiti, na nguzo imefichwa ndani ya mlango wa nyuma kama chuma cha wima. Kwa hiyo straika ya chini ikijaa mchanga, "nguzo" yako haijashika vizuri. Isafishe kila unapoosha gari.

Phantom na Ghost zina nguzo ya kati, kila mlango unajitegemea. Genesis walionyesha Neolun mwaka 2024, gari kubwa la maonyesho la aina ya SUV, nayo haina nguzo ya kati. Kuonyesha ni rahisi. Kuziba maji pale juu, raba mbili zinapokutana bila nguzo nyuma yake, ndiyo kazi.

---

Swali Fupi

Kwa anayekagua iliyotumika, aanzie wapi?

---

Fundi Raba

Fungua mlango wa nyuma nusu, shika ncha kwa mikono miwili, unyanyue. Usiuning'inie, unyanyue tu. Bawaba zikiachana sentimita 40, mchezo wa nusu milimita kwenye pini unatoa zaidi ya milimita moja kwenye ncha, utausikia "tok" mkononi. Kisha angalia straika: mng'ao wa kulika uwe katikati. Ukiwa juu tu, mlango umeshuka na mtu amelificha hilo kwa kupandisha straika. Halafu chungulia boliti za bawaba kwenye nguzo ya nyuma. Rangi ikiwa imevunjika kwenye pembe za boliti, zimewahi kulegezwa. Uliza kwa nini.